Sare Yetu Iko Wapi?

Ilikuwa mapema Desemba 2025, jioni, kwenye kijiwe cha kahawa Kariakoo. Mjadala ulikuwa ule ule wa mji mzima: Taifa Stars na Kundi C la AFCON. Nigeria, Tunisia, Uganda. Fundi simu mmoja alikuwa akihesabu pointi kwa vidole, muuza vitenge anampinga kila anapofika kidole cha tatu, na muuza kahawa anagonganisha vikombe vyake watu wapunguze sauti.

Nikachomekea. Nikasema Januari kuna timu nyingine ya taifa inakwenda Kombe la Dunia.

"Kombe la Dunia la nini?"

"La kriketi. Vijana wa chini ya miaka 19. Mara ya kwanza kabisa kwa nchi yetu."

Kukawa kimya kidogo. Mzee mmoja aliyeketi upande wa ukutani, ambaye wote pale tunamwita Babu, akashusha kikombe chake. Hakucheka wala hakukejeli. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Haya, mwanangu. Watafungwa ngapi?"

Sikumjibu. Nikanywa kahawa, mazungumzo yakarudi kwenye mpira, na mimi nikaondoka na swali lake.

Limenikaa tangu siku hiyo. Nimelibeba kwenye mwendokasi, kwenye foleni ya benki, usiku nikiwa macho kwa joto. Kwa sababu Babu hakukosea kuuliza. Kila nilichokisoma kuhusu vijana hawa kinaishia kwenye "tunawatakia kila la heri". Kila la heri ni dua, nami naiitikia. Lakini mtu anayeipenda timu yake anatakiwa pia aketi chini aseme, kwa uwazi, anaona nini mbele.

Ndicho ninachojaribu kukifanya hapa.

Walivyofika

Kwanza tuwape haki yao.

Afrika ilikuwa na nafasi moja tu ya kugombea. Afrika Kusini na Zimbabwe walikuwa wameshaingia bila kupitia huko. Waliobaki wakakutana Lagos, mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili 2025, na vijana wetu wakaongoza msimamo mbele ya Namibia, Kenya, Uganda, Nigeria na Sierra Leone.

Lisome tena hilo jina la kwanza. Namibia ni wenyeji wa fainali hizi pamoja na Zimbabwe, na hawamo. Viwanja vya Windhoek ni vyao, nyasi wamezikata wao, na kwenye nafasi ambayo wangependa iwe yao tutasimama sisi. Hakuna aliyetubeba kufika hapo.

Na Kenya, ambao mwaka 2003 walicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia la wakubwa, nao walibaki nyuma yetu. Mtu aliyekuwa akifuatilia kriketi ya Afrika Mashariki miaka ile angeambiwa hivi, asingeamini.

Basi tuko Kundi D. West Indies, timu ya pamoja ya visiwa vya Karibi, mabingwa wa mwaka 2016. Afrika Kusini, mabingwa wa mwaka 2014. Afghanistan, waliofika nusu fainali 2018 na tena 2022. Timu ziko 16, makundi manne, na katika kila kundi timu tatu zinasonga mbele. Ni moja tu inayobaki.

Hapo ndipo hesabu yangu ilipoanza kunichezea. Timu tatu kati ya nne! Ushindi mmoja, siku moja, dhidi ya mmoja wao akiwa ameamka vibaya, na unaweza kuwa umepita. Nilikaa na hesabu hiyo siku kadhaa nikiwa na furaha kubwa.

Halafu nikaanza kuichunguza.

Desemba 30

Usiku ule Stars walitoka sare ya 1–1 na Tunisia, na wakaingia 16 bora.

Sihitaji kuelezea mji ulivyokuwa. Mlikuwepo.

Ninachotaka kukikumbusha ni namba. Tumevuka na pointi mbili. Tulifungwa na Nigeria 2–1, tukatoka sare na Uganda, tukatoka sare na Tunisia. Tangu AFCON yetu ya kwanza mwaka 1980 hatujawahi kushinda mechi hata moja kwenye fainali hizo, na bado watu walilia kwa furaha barabarani, na walikuwa na haki kabisa ya kulia. Hata Januari 4, Morocco walipotutoa kwa bao moja mbele ya watu wao, niliona watu wanarudi nyumbani wameinua vichwa.

Sare ndiyo iliyotupa hayo yote. Mdogo akikutana na mkubwa kwenye soka ana kitu cha kushika. Anaweza kujaza watu nyuma, akaziba njia, akalinda moja yake mpaka filimbi ya mwisho. Akitoka na pointi moja, amepata kitu kinachoandikwa kwenye msimamo.

Kwenye kriketi ya ova 50, kila ova ikiwa mipira sita ya kurushwa, kitu hicho hakipo. Matokeo ya kulingana yapo kwenye kanuni, lakini hutokea kwa nadra sana na hakuna anayeingia uwanjani kuyatafuta. Mrushaji anakuja anakimbia, mpira unatoka mkononi mwake, na mbele yake yuko mtu mmoja na gongo lake. Wenzake tisa wameketi nje wanamtazama. Huwezi kumfichia mtu huyo udhaifu wake nyuma ya mabeki wanne.

Kwa hiyo nikajiuliza, na hili ndilo lililogeuza fikra zangu zote: sare yetu sisi iko wapi? Timu inayokwenda kwa mara ya kwanza, kwenye mchezo usio na sare, ishike nini kitakachoonyesha kwamba ilikuwa na haki ya kuwepo pale?

Birmingham, 1975

Jibu nililipata mahali ambapo sikutarajia, miaka 50 nyuma.

Kombe la Dunia la kwanza la kriketi la wanaume lilichezwa Uingereza, Juni 1975. Kulikuwa na timu iliyoitwa Afrika Mashariki, wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Ndiyo, Watanzania wamewahi kuwa kwenye Kombe la Dunia, ila si chini ya bendera yao. Walicheza mechi tatu, wakafungwa zote tatu, na kwa kawaida hadithi inaishia hapo.

Nilizifungua kadi za matokeo ya mechi zile nikazisoma mstari kwa mstari.

Mechi ya kwanza, Juni 7, uwanja wa Edgbaston, dhidi ya New Zealand. Wakati ule kila timu ilipewa ova 60. Glenn Turner aliingia kufungua, akapiga mpaka mwisho, hakutoka: mikimbio 171, yaani pointi 171, peke yake. New Zealand 309 kwa wiketi 5, yaani wapigaji watano tu walitolewa; wakitolewa kumi, zamu ya timu imekwisha. Afrika Mashariki wakajibu kwa 128.

Tofauti ya 181. Ukiishia hapo unafunika ukurasa kwa huzuni.

Lakini tazama pembeni: 128 kwa wiketi 8, ova 60. Walimaliza ova zote. Mipira 360 ilirushwa na bado walikuwa na mtu amesimama na gongo mkononi. Watu waliokuwa na kazi zao na biashara zao Nairobi, Kampala, Dar na Lusaka, huko Birmingham, mbele ya warushaji wa taifa lililokuwa likicheza mechi za Test, zile kubwa za siku kadhaa, tangu 1930. Hawakutolewa wote.

Mechi zilizofuata hazikuwa hivyo. India waliwatoa kwa 120 na wakazifikia bila kupoteza wiketi. Uingereza wakawatoa kwa 94. Hata hivyo, kwenye zote mbili walipiga zaidi ya ova 50 kabla ya wiketi ya mwisho kuanguka.

Mipira 300. Ndiyo hiyo sare yetu, nikasema. Kumaliza ova.

Nilipojipinga

Nilikuwa nimeridhika sana na wazo hilo, na kuridhika huko kukanipa wasiwasi.

Siku ile ile ya Juni 7, 1975, kwenye uwanja wa Lord's, Sunil Gavaskar wa India alikabiliwa na lengo la 335 dhidi ya Uingereza. Alipiga kuanzia mpira wa kwanza hadi wa mwisho. Alipata mikimbio 36. Hakutolewa. India walimaliza na 132 kwa wiketi 3, wakiwa bado na wiketi saba mkononi, na mpaka leo ukitaja zamu yake ile kwa mtu anayejua mchezo atatikisa kichwa. Alikuwa mmoja wa wapigaji bora kabisa waliowahi kuishi, na siku hiyo alikaa tu.

Kwa hiyo kukaa peke yake si kitu. Mtu anaweza kukaa kwa woga.

Nilirudi kuitazama tena ile sare ya Tunisia kichwani mwangu. Stars hawakuipata kwa kujificha. Walifungwa kwanza, wakaenda wakatafuta la kwao. Ndivyo ninavyotaka kuwaona vijana hawa: wakae, lakini wakiwa wanauliza maswali. Moja hapa, mbili pale, mpira mbovu ukija uadhibiwe. Mikimbio mitatu na nusu kwa kila ova, kwa ova 50, inakupeleka 175. Siyo alama ya kumtisha Afrika Kusini. Lakini mtoto wa miaka 18 kutoka Dar aliyepiga ova 50 hivyo dhidi ya Afrika Kusini atarudi akiwa mchezaji mwingine.

Kuna tofauti kubwa kati ya 175 na 60, ingawa kwenye msimamo zote zinaandikwa "wamefungwa".

Majirani, na sisi wenyewe

Hofu yangu ya usiku ina namba yake: 405.

Ndizo India walizopiga dhidi ya Uganda kwenye fainali hizi hizi za vijana, Januari 2022, huko Trinidad. Raj Bawa 162 bila kutolewa, Angkrish Raghuvanshi 144. Uganda wakatolewa wote kwa 79. Tofauti ya mikimbio 326. Na kabla yao, mwaka 2002, Kenya walipigwa 480 na Australia kisha wakatolewa kwa 50. Vijana wa Afrika Mashariki tuna historia kwenye mashindano haya, na si yote ya kusimulia kwa raha.

Lakini Uganda wale hawakuishia pale. Chini ya miaka miwili baadaye, Novemba 2023, wakubwa wao waliwafunga Zimbabwe kwenye mechi za kufuzu, wakaenda Kombe la Dunia la ova 20 la mwaka 2024. Juma Miyagi alikuwamo kwenye kikosi cha vijana cha 2022 na akawamo kwenye kile cha wakubwa. Huko Guyana waliwafunga Papua New Guinea, na Frank Nsubuga, mtu wa miaka 43, akarusha ova zake nne kwa mikimbio minne tu. Siku chache baadaye West Indies wakawatoa wote kwa 39.

Vyote viwili ni kweli kwa pamoja, na nadhani ndivyo safari ya mchezo huu ilivyo kwa nchi zetu. Unapanda, unaporomoka, unakuta umebaki juu kidogo kuliko ulipoanzia.

Halafu kuna jambo ambalo hatulisemi.

Juni 2019, Kigali, timu yetu ya wanawake ilicheza na Mali. Fatuma Kibasu alipiga 108 bila kutolewa, tukafika 285 kwa wiketi moja tu kwenye ova 20, na tukawatoa Mali wote kwa 17. Nilishangilia. Ninaposoma matokeo yale sasa, nawaza wasichana wa Mali. Walijua wanakwenda kufanya nini. Walivaa jezi zao, wakaingia, wakapigwa. Sisi ndio tuliokuwa Afrika Kusini siku ile.

Sioni kama namba 17 inaniambia chochote kuhusu haki yao ya kuucheza mchezo huu. Basi siwezi kuiruhusu namba yoyote ya Windhoek iniambie hivyo kuhusu vijana wetu.

Jinsi wadogo wanavyoshinda

Turudi kwenye kriketi yenyewe, maana nilisema nitatathmini.

Nilizitafuta siku ambazo mdogo alimwangusha mkubwa, nikazipanga pamoja. Kenya dhidi ya West Indies, Pune, Februari 29, 1996: Kenya 166, West Indies 93. Vijana wa Namibia dhidi ya Afrika Kusini, Bangladesh, 2016: Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi, walizuiwa kwenye 136, Namibia wakazifikia wakiwa wamebakiza wiketi mbili. Wasichana wa Rwanda dhidi ya West Indies, 2023: West Indies 70, Rwanda wakazipita. Wasichana wa Nigeria dhidi ya New Zealand, Januari 2025: 65 kwa 63, kwenye mechi iliyopunguzwa ova.

Unaona kinachojirudia?

Hakuna hata moja ambayo mdogo alipiga 300. Hakuna hata moja aliyoshinda kwa kushindana kupiga. Zote zilikuwa mechi ndogo. Mdogo anaibana mechi mpaka inakuwa finyu, halafu ndani ya ufinyu huo kosa moja la mkubwa linakuwa na uzito.

Maana yake ni kwamba matumaini yetu ya ushindi hayako kwa wapigaji. Yako kwa warushaji na wadakaji. Kila mpira unaodakwa, kila mkimbio wa pili unaozuiwa pembeni ya uwanja, unaipunguza mechi. Mtazamaji anayesubiri Laksh Bakrania, nahodha wetu, apige sita nyingi angani, yaani mipira inayovuka mpaka bila kugusa chini na kuleta mikimbio sita, anasubiri kitu kizuri, lakini mimi nitakuwa natazama zaidi ova ya 15 hadi ya 35 tukiwa tunarusha. Wakiwabana West Indies hapo kwenye mikimbio minne kwa ova, tuna mechi. Wakiachia sita au saba, tutakuwa tunaelekea kule kwenye 405.

Na mechi mbili kati ya hizo nne zilikuwa za mchezo mfupi. Mchezo mfupi humpendelea mdogo. Dakika ishirini za ujasiri zinaweza kukupa ushindi. Ova 50 ni siku nzima. Siku nzima huwa inafichua.

Wanachokosa

Nilimuuliza kocha mmoja anayefundisha watoto wa shule hapa mjini, mtu ninayemheshimu sana, anaogopa nini zaidi. Nilidhani atasema kasi ya warushaji. Akasema muda.

Watoto wetu, aliniambia, wengi hukua kwenye mechi fupi. Jumamosi asubuhi, ova 20, saa saba mmeshakula mmerudi nyumbani. Mtoto anajifunza kupiga kwa nguvu mapema kwa sababu akichelewa mechi inakwisha. Ni lini amewahi kupiga kwa saa tatu? Ni nani amemfundisha cha kufanya kwenye ova ya 28, jua liko utosini, spini, ile mipira ya kuzungushwa, inarushwa pande zote mbili, na hakuna mkimbio unaopatikana kwa ova nne mfululizo?

"Hapo ndipo wanapojitoa wenyewe," akasema. "Hakuna anayewatoa, kaka. Wanachoka kusubiri."

Maneno hayo yalinikaa kuliko takwimu zote nilizokuwa nimezikusanya. Maana hili si jambo la kipaji. Ukipita viwanja vya Gymkhana jioni ya mazoezi utaona kipaji. Utaona mtoto anapiga mpira unaokuja kifuani kana kwamba aliambiwa mapema utaangukia wapi. Kusubiri kunafundishwa kwa kucheza mechi ndefu, nyingi, dhidi ya watu wanaokuzidi, na hizo ndizo tunazozikosa.

Wakubwa wetu angalau sasa wanazo kiasi, kwenye ligi ile ya ova 50 ya 2024–26 wanayocheza na Uganda, Hong Kong, Italia, Bahrain na Singapore. Oktoba 2025, kwenye ova 20 kule Harare, walifika nusu fainali ya kufuzu Kombe la Dunia kabla Namibia hawajawatoa. Mstari unapanda. Lakini faida ya hayo haiwezi kuwafikia vijana hawa kwa wiki moja.

Kuna na hewa. Windhoek iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Sisi tunacheza pembeni ya Bahari ya Hindi, hewa nzito, mvuke mpaka kwenye kola. Kule mpira unasafiri mbali zaidi ukipigwa, na mapafu yanadai zaidi ukikimbia. Mpira ambao hapa Dar ungedakwa ndani ya mpaka, kule unaweza kupita juu ya kichwa cha mdakaji. Baadhi ya vijana wa Afrika Kusini wamezoea viwanja vya juu namna hiyo tangu utotoni. Johannesburg iko juu zaidi ya Windhoek.

Na kuna jambo la mwisho linaloniumiza zaidi, ingawa haliko uwanjani.

Mjini kwetu bado kuna watu wanaosema huu ni mchezo wa Wahindi. Wengine wanasema kwa ubaya, wengine kwa mazoea tu. Soma orodha ya kikosi hiki. Kuna majina ya familia zilizotoka Gujarat vizazi vingi vilivyopita na kuna majina ya watoto ambao babu zao hawakuwahi kuliona gongo la kriketi, na wanapiga pamoja, wawili wawili, kila mmoja akimtegemea mwenzake akimbie akiitwa. Naogopa siku ya kipigo kikubwa. Siogopi kipigo chenyewe. Naogopa yule atakayesema, "Si tuliwaambia?" kisha mwalimu wa shule fulani ya Temeke au Kinondoni aliyekuwa anafikiria kuanzisha timu aahirishe. Ndiyo maana naandika haya kabla, ili mtu yeyote atakayetaka kutoa hukumu awe ameshajua tulikuwa tunapima kwa kipimo gani.

Ninavyoona

Alhamisi, Januari 15, 2026, dhidi ya West Indies. Hii ndiyo mechi yetu kubwa, siku ya kwanza kabisa ya mashindano, wakati hata mkubwa bado hajajua miguu yake ilivyo. Nafasi yetu ya kushinda naiona ndogo lakini ipo. Ikija, itakuja kwa wao kutolewa chini ya 180. Tukirusha kwanza nitafurahi.

Dhidi ya Afghanistan sioni mwanya mwingi. Spini yao inawasumbua wakubwa wa dunia nzima, na wapigaji wetu ndio kwanza wanajifunza kusubiri. Hapo nitahesabu ova. Tukifika ya 40 tukiwa na wiketi, nitakuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Dar es Salaam nzima.

Afrika Kusini sitarajii tuwafunge. Wakituchagulia kurusha kwanza, naomba tuwazuie chini ya 320, na naomba wadakaji wetu wasiinamishe vichwa hata mpira wa mikimbio sita ukipita juu yao mara tatu mfululizo. Siku kama hiyo hulka ya timu inaonekana kwenye ova ya 45, wakati hakuna tena cha kuokoa na bado mtu anajirusha chini kuzuia mkimbio mmoja.

Kwa ujumla naona tutashika nafasi ya nne kwenye kundi. Nimeliandika hilo kwa mkono mzito, lakini ndivyo ninavyoona.

Baada ya hapo watakaoshika mkia kwenye makundi wanakutana kugombea nafasi ya 13 hadi 16, na watu wengi watakuwa wameshazima televisheni. Msizime. Huenda tukakutana na Japan, ambao mwaka 2020, kwenye fainali zao za kwanza, walitolewa na India wote kwa 41, wakarudi nyumbani, wakaanza upya, na sasa wamefuzu tena. Itakuwa mechi ya timu mbili zinazolingana, ova 50 kwa ova 50, na kama vijana wetu watakuwa wamejifunza kusubiri kwenye zile tatu za kwanza, hiyo tunashinda.